Kiti Nilichomwachia Hasina

Wivu wangu ulianza na karatasi ndogo. Mume wangu, Musembi, alikuwa akifanya kazi ya kupakia mizigo kwenye ndege Nairobi, na kila mwisho wa mwezi alikuwa anakuja nyumbani Kikima na nguo chafu kwenye mfuko. Siku moja mwaka wa 1985, nikizilowesha hizo nguo, nikapata kwenye koti lake karatasi iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa imeandikwa hivi: "Baba Kaluki, msichana wako amepiga simu. Ako salama. Kula kabla hujaingia zamu. H."

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na kusoma najua. Ile karatasi niliisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa. Haikuwa na neno la mapenzi hata moja. Lakini maandishi yake yalikuwa mazuri, yamelala upande mmoja kama nyasi iliyopigwa na upepo, na tena kulikuwa na hilo neno "kula". Miaka ishirini nilikuwa nimempikia Musembi, na hakuna siku nilimwandikia kula.

Jioni nikamuuliza, "H ni nani?"

"H gani?"

"H wa karatasi."

"Ah, huyo ni Hasina wa kaunta. Yeye ndiye anashika simu. Kaluki akipiga kutoka Mombasa, anamwachia maneno."

"Na kula je?"

"Kula gani?"

"Anakuambia kula."

Musembi akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mama Kaluki, huyo kila mtu anamwambia kula. Hata rubani."

"Rubani ana mke wake."

Akacheka tena, na mimi nikaona kicheko hicho ni cha kunipitisha mbali na jambo. Basi kila mwisho wa mwezi nikawa ninamchimba kidogo kidogo. Nikajua Hasina ni mtu wa Mwingi, wa zile familia za Waislamu wenye maduka ya nguo kwenye barabara ya Garissa, na kwamba anasema Kikamba kama sisi. Nikajua amekaa kwenye hiyo kazi miaka kumi na minne. Musembi alinieleza haya yote bila kusitasita, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Nilisema moyoni, mwenye kuficha angeficha, huyu amezoea mpaka amesahau kuficha.

Kwa kazi ile, mfanyakazi alikuwa na haki ya kusafiri na mke wake bure mara moja kwa mwaka, kama viti vimebaki. Wenyewe walikuwa wakiita stendibai. Unaandikisha jina, unaenda unakaa kwenye benchi, unangoja. Watu waliolipa wakikosa kufika, unaitwa. Wakifika wote, unarudi nyumbani na mfuko wako. Musembi aliniambia mara tatu twende tumwone Kaluki huko Mombasa. Mara ya kwanza nikasema mbuzi ana mimba, mara ya pili nikasema maharagwe hayajavunwa, mara ya tatu sikusema kitu. Ukweli ni kwamba ili ufike kwenye ndege lazima upite kwenye kaunta, na sikutaka huyo mwanamke anione na mikono yangu ya jembe.

Kaluki ndiye kifungua mimba wetu. Alikuwa ameolewa na Kiilu, kijana wa Mbumbuni aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Mwaka wa 1986 akashika mimba yake ya kwanza, na mimba ilipokomaa daktari akamwambia mtoto amelala vibaya na njia ni nyembamba, lazima apasuliwe kabla uchungu haujaanza. Kaluki akakataa.

Hapo pia kosa ni langu, na ninaliandika. Kaluki akiwa mdogo tulikuwa tunakaa wanawake wa kanisa uwanjani tukitoa maganda ya mbaazi, na kulikuwa na mwenzetu aliyekuwa amepasuliwa. Mimi nikasema, "Huyo hazai, huyo hufunguliwa kama gunia." Watu wakacheka. Sikujua mtoto anasikia. Sasa amekuwa mkubwa, yuko kitandani, anamwambia daktari hatapasuliwa mpaka mama yake aje amwambie kwa mdomo wake mwenyewe kwamba si aibu.

Ndipo Kiilu akapanda basi la usiku kuja kunichukua. Alifika Kikima Ijumaa asubuhi akasimama nje ya ua. Kwetu Ukambani mama mkwe na mkwe wa kiume wana nthoni, yaani heshima ya kukaa mbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana kwenye njia mmoja anapisha. Kwa hiyo mimi nilikaa ndani, Kiilu akakaa nje, na Mutindi, mke wa shemeji yangu, akasimama katikati kutubebea maneno.

"Mwambie mama, Kaluki amekataa kupasuliwa," Kiilu akasema.

"Amesikia, ana masikio. Endelea," Mutindi akasema.

"Mwambie daktari amesema uchungu ukianza kabla, tunaweza kupoteza mtoto au yeye mwenyewe. Anamtaka mama tu. Na mwambie baba ameandikisha majina, ndege ni ya saa kumi leo."

Mutindi akageuka akaniangalia kwenye mlango. "Umesikia? Utapanda ndege. Ukifika kule juu usalimie mvua, uiambie mahindi ya kwetu Mbooni yanaiulizia." Halafu akavua viatu vyake vyeusi vya kanisani akanipa, kwa sababu Musembi alikuwa amesema mgeni wa stendibai lazima avae vizuri, la sivyo anakataliwa. Vilikuwa vinanibana lakini nikavivaa.

Nzuki, jirani yetu mwenye pikapu, alikuwa anapeleka kabeji Nairobi. Aliposikia kuna mgonjwa akakubali kutufikisha mpaka uwanja wa ndege. Mimi nilikaa mbele, Kiilu akakaa nyuma juu ya magunia. Pikapu moja, safari moja, na nthoni haikuvunjika. Kumbukeni hilo, kwa sababu mimi baada ya saa chache nililisahau.

Tulifika saa saba. Musembi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, na sijui ni nani alilipiga. Akatupeleka kwenye kaunta, na hapo nikamwona Hasina.

Mwaka mzima nilikuwa nimemtengeneza kichwani, nikampa miaka ishirini na mitano, nikampa kiuno. Sasa naona mwanamke wa umri wangu, ana mvi mbili tatu zinatokeza chini ya kitambaa, ana pengo mbele. Badala ya kupoa nikazidi kuwaka. Msichana ningejua la kufanya naye, ningengoja azeeke. Huyu alikuwa amefika pale pale nilipofika mimi, na mikono yake ilikuwa laini.

"Mama Kaluki, karibu," akasema kwa Kikamba. "Hata ningekuona sokoni ningekujua. Wewe na Kaluki mna uso mmoja."

"Umemwona wapi Kaluki?"

"Mombasa. Nikiwa likizo anakuja kwetu kula, yeye na Kiilu. Hajakuambia?"

Hakuwa ameniambia. Nikakaa kwenye benchi na hilo neno. Kwetu. Kwetu wapi? Nikaona nyumba ambayo sijawahi kuingia, Musembi ameketi kwenye kiti kizuri, mtoto wangu anapakuliwa wali na huyo mwanamke, na wote wamekubaliana mimi Mbinya wa Kikima nisiambiwe.

Tiketi ya kulipia ilikuwa imebaki moja tu, na Musembi alikuwa amemnunulia Kiilu, kwa sababu hospitali ilitaka pia sahihi ya mume. Sisi wengine tulikuwa watu watatu wa kungoja. Orodha hufuata miaka ya kazi. Wa kwanza alikuwa Hasina mwenyewe, maana zamu yake ilikuwa inaisha na alikuwa anaenda nyumbani kwake Mombasa kwa siku za mapumziko. Wa pili alikuwa Musembi, na mimi nikawa wa mwisho kama mkewe.

Saa tisa na nusu simu ya kaunta ikalia. Hasina akasikiliza, akaiweka chini, akazunguka kaunta akaja akamshika Musembi mkono wa shati. Mimi niliona ule mkono kabla sijasikia neno. Alikuwa anamwambia, "Uchungu umeanza." Mkono ndio ulinijaa kichwani. Uchungu ulikuja nyuma yake.

Baadaye kidogo mkubwa wao, mwanamume wa tai nyekundu, akafunga kitabu akasema, "Viti viwili. Hasina, na Musembi."

"Mimi natoka," Hasina akasema. "Andika Musembi na mkewe."

"Ukitoka hakuna ndege nyingine mpaka kesho."

"Nitaenda kesho."

Akaandika jina langu kwa mkono wake mwenyewe, kwa yale maandishi ya kulala, akanipa kile kikaratasi cha kupandia. "Safu ya kumi na mbili," akasema, "mko pamoja na Kiilu, mtasaidiana. Na ukifika, mwambie Kaluki asiogope kidonda. Mimi nimepasuliwa mara mbili na ninatembea."

Nyinyi mnaosoma mtasema huyo ni mtu mwema. Hata mimi leo nasema. Lakini siku ile nilisikia mwanamke ananipa ruhusa ya kwenda kumwona mtoto wangu, ananipa kiti, halafu ananifundisha na maneno ya kumwambia. Nikaona nikichukua hiki kiti kutoka mkononi mwake, nimekubali kwamba yeye ndiye mwenye nyumba.

Nikasema, "Siwezi kukaa safu moja na mkwe wangu."

Musembi akasema, "Mimi nitakaa katikati yenu."

"Ni safu moja. Chakula kitaletwa. Nitakula mbele yake?"

"Si usile."

"Akitaka kutoka atapita mbele ya magoti yangu."

Kiilu alikuwa amesimama mbali, anaangalia viatu vyake. Alikuwa amesikia. Lakini angesema nini? Angeniambia, "Mama, kuja tu," ingekuwa yeye ndiye amekosa heshima. Musembi pia, hakuna mwanamume wa kwetu anayeweza kumlazimisha mke wake avunje nthoni mbele ya mkwe. Mimi nilijua hivyo. Nilichagua neno ambalo hakuna mtu angeweza kulijibu.

Ni Hasina tu aliyejaribu. Akasogea karibu akasema polepole, "Mama Kaluki, nthoni naijua. Lakini nthoni ni ya watu walio na nafasi. Msichana yuko na uchungu."

Nikamwambia, "Kwenu Mwingi labda mmeiacha. Sisi wa Mbooni tuko nayo."

Akarudi nyuma hatua moja. Nikaona nimempata mahali, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, na mtoto wangu alikuwa anaumwa.

Mtaniuliza nilitaka nini. Nilitaka Musembi aseme, "Basi na mimi siendi na ndege, tutapanda basi na mke wangu." Nilitaka aseme hivyo mbele ya yule mwanamke. Nilitaka hilo tu. Sikufikiria kwamba ndege inaondoka.

Mkubwa wa tai akaangalia saa. "Nina dakika mbili. Kama mama haendi, Hasina anarudi kwenye orodha."

Musembi akaniita, "Mbinya." Tangu Kaluki azaliwe hakuwa ameniita jina langu. Nikageuza uso nikaangalia ukuta. Nilimsikia akingoja. Halafu nikamsikia akisema, "Hasina, twende. Mimi kule wodini sitaruhusiwa kuingia, lazima mwanamke aende." Akachukua mfuko wa Hasina, si wangu, wakaenda.

Nilisimama kwenye kioo cha dirisha. Kiilu alikuwa mbele anakimbia. Nyuma yake wao wawili, Musembi amebeba mfuko wa huyo mwanamke, upepo unavuta kitambaa chake, na Musembi ameinama kusikia anachosema. Mwaka mzima picha hiyo ilikuwa kichwani mwangu peke yake. Sasa mimi kwa mkono wangu nilikuwa nimeitoa nje nikaipandisha ndege.

Nilipata basi la jioni. Nilifika hospitali Jumamosi jua likitoka, viatu vya Mutindi nimevibeba mkononi. Musembi alikuwa kwenye benchi nje ya wodi. Hakusimama.

"Ni msichana," akasema. "Yuko hai."

"Na Kaluki?"

"Yuko hai."

Nikamshukuru Mungu. Akaningoja nimalize kushukuru, halafu akanieleza yaliyobaki. Hasina alikuwa ameingia kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kaluki alipoona mtu anaingia akauliza, "Mama yuko wapi?" Hasina akamwambia mama yuko njiani. Akamwonyesha alama zake za kupasuliwa, akambembeleza, akamwombea. Kaluki akasema, "Nitangoja mama." Kila saa alikuwa anauliza kama basi limefika. Alikuja kukubali wakati hawezi tena kusema, aliitikia kwa kichwa tu. Walipompasua wakakuta kizazi kimepasuka chenyewe. Mtoto waliwahi kumtoa. Kizazi hawakuweza kukiokoa.

Tukiwa hapo akaja mwanamume mnene, mpole, anatembea polepole na chupa ya chai. Akamwita Musembi ndugu yangu. Akaniambia, "Shikamoo mama, mimi Faki, mume wa Hasina," akanimiminia mimi kwanza. Ile "kwetu" ya Hasina ilikuwa nyumba yake huyu. Siku hizo za likizo Kaluki na Kiilu walikuwa wanakula nyumbani kwa mzee na mke wake, watu ambao watoto wao wamekua wakaondoka. Karatasi yangu ya mwaka mzima ilikuwa karatasi tu.

Ningependa kuwaambia wivu ulikufa pale kwenye chai. Haukufa, ulihama. Niliporuhusiwa kuingia, Kaluki akafungua macho akaniona. Akatabasamu kidogo. Halafu akaangalia nyuma yangu akauliza, "Mama Hasina ameenda?" Mimi niliyetoka Kikima nilikuwa mama, na yule wa kaunta alikuwa mama.

Miaka mitano ikapita. Kiilu alipoteza kazi ya bandari wakarudi kwao Mbumbuni kulima. Watu wake wakaanza kusema msichana mmoja hajazi boma. Mwaka wa 1991 akaoa mke wa pili, Kasyoka, na Kasyoka akazaa mvulana, akashika mimba nyingine. Kaluki akaja Kikima na mtoto wake. Amekonda. Akakaa na mimi jikoni, akaniambia siku hizi shamba la mtoni limepewa Kasyoka, na kwake Kiilu anapita tu kusalimia.

"Mama," akasema, "nataka utafute mzee akaongee na Kiilu kwa jina lako. Jina lako analiogopa. Kule Mbumbuni wewe ndiwe mfano. Wakati ule ulipokosa kuja, watu wa Kiilu walisema huyo ni mama wa heshima, hata mtoto wake akiwa anakufa hakuvunja nthoni. Na mimi sikulaumu. Nilikungoja, lakini sikulaumu. Nthoni ni nthoni."

Musembi alikuwa mlangoni. Aliposikia hivyo akaondoka akaenda kwa ng'ombe. Yeye alijua. Kwa miaka hiyo yote hakuwa amenitupia neno hata moja, na mimi nilikuwa nimelichukua hilo kama msamaha.

Sikutafuta mzee. Nilienda Mbumbuni mwenyewe, na Kaluki akiwa pamoja nami. Kiilu aliponiona naingia uwanjani akaanza kupisha, kama desturi. Nikamwambia, "Kaa." Nikaingia nyumbani mwake nikakaa kwenye kiti mbele yake, ana kwa ana, mpaka Kasyoka akafunika mdomo.

Nikasema, "Siku ile ya ndege haikuwa nthoni. Nilimwonea wivu mwanamke aliyenipa kiti. Nikatumia nthoni kama kifuniko. Kizazi cha mke wako kiliharibika kwa sababu yangu. Ukitaka kumlipisha mtu, nilipishe mimi. Yeye mrudishie shamba lake."

Kiilu aliangalia chini kama siku ile ya uwanja wa ndege. Kaluki alikuwa amesimama kando ya mlango na mtoto. Akaniuliza, "Ulikuwa na tiketi mkononi?"

"Nilikuwa nayo."

"Na jina lako limeandikwa?"

"Limeandikwa."

Akamchukua mtoto wake akatoka. Nilingoja hapo mpaka jioni, hakurudi kuniona, ndipo nikatembea kwenda barabarani.

Shamba la mtoni alirudishiwa msimu uliofuata. Hiyo nimesikia kwa watu. Kikima hajakuja tena. Barua anaandika, na juu ya bahasha anaandika jina la baba yake. Musembi ananisomea mahali panaposema watu wote wako salama, halafu anaikunja anaitia mfukoni.

Nyinyi wanawake wadogo mlio na waume wa kazi za mbali, ninajua mifuko mnaitafuta. Mkipata karatasi, ulizeni. Mkijibiwa, aminini au msiamini, hiyo ni shauri yenu. Lakini mtoto akikuita, nenda. Kama kiti kimetoka mkononi mwa mwanamke usiyempenda, kaa juu yake tu, na umchukie ukiwa umeketi.